Mnaokwenda staji mwaka wa kwanza, msiwajibie watoto

Wenzangu wa ualimu, kabla ya staji, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni, mtaambiwa mengi kuhusu fishi ya maandalio, karatasi ya mpango wa somo: malengo, dakika, swali la kufungulia somo. Iandikeni vizuri, maana msimamizi ataiomba hata kabla hajakaa. Ila fishi haimwonyeshi mtoto. Mimi nilifanyia staji mwaka wa kwanza wa shule ya msingi, shule moja ya Kadutu hapa Bukavu, Kongo. Tangu shule za msingi za serikali zitangazwe kuwa za bure mwaka 2019, watoto wanabanana kwenye mabenchi, na wengi hawakupitia shule ya watoto wadogo. Katika umati ule unatamani umjibie mtoto ili somo liende.

Usimjibie. Kulikuwa na msichana aliyehesabu hadi thelathini bila kukwama, kwa sauti ya wimbo. Mama mwalimu akamwagia vifuniko vya soda mezani: "Nipe nane." Mtoto akazoa konzi nzima, akampa. Kumbe kutaja namba ni jambo moja na kujua idadi ni lingine. Mama mwalimu hakumsahihisha. "Haya, niuzie mafungu nane ya sambaza, uniwekee moja moja." Vifuniko vikawa mafungu ya samaki wadogo sokoni. Kidole kikaanza kusogeza kifuniko kimoja kimoja: moja, mbili, tatu. Akasogeza kimoja bila kukihesabu. "Na hili umenipa bure?" Mtoto akacheka, akakirudisha, akaanza upya mwenyewe.

Swali kama hilo ndilo msaada. Vygotsky, mwanasaikolojia wa Kirusi aliyefariki mwaka 1934, alisema kuna yale mtoto anayaweza peke yake na yale anayaweza akisaidiwa kidogo. Mwalimu afanye kazi hapo katikati. Kwenye kozi tulinakili fasili yake tukapita!

Soko lile, angalieni, liliendeshwa kwa Kiswahili. Sheria ya elimu ya 2014 inazipa lugha za taifa nafasi ya kufundishia. Wazazi wengi wanataka Kifaransa tangu siku ya kwanza, na nawaelewa, lakini mtoto anayetafuta neno na idadi kwa wakati mmoja amebebeshwa mizigo miwili. Aijue nane kwanza, Kifaransa chake kitafuata.

Halafu msitupe vipande vya chaki. Kipande kifupi hakishikiki kwa ngumi. Mtoto analazimika kutumia ncha za vidole, na ndivyo atakavyoshika biki.

Wekeni na kidaftari. Kila jioni andika watoto wachache na kitendo ulichokiona. "Mvivu" si kitendo. "Alifuta mara tatu, akaacha" ni kitendo. Wiki ikiisha, tafuta jina ambalo halijaandikwa hata mara moja, ukakae karibu na huyo mtoto. Mwite kwa sauti ya chini akiwa amekupa mgongo, umrudie wakati mwingine darasa likiwa kimya. Asipogeuka, mwambie mwalimu wa darasa azungumze na wazazi kuhusu masikio yake, na wakati huo mhamishie benchi la mbele.