Jodari aliiva vizuri, mbona alituwasha mwili mzima?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Jumamosi saa tano asubuhi nilinunua vipande vya jodari sokoni hapa Dar es Salaam. Havikuwa na harufu mbaya. Nilifika nyumbani Mbagala saa saba, nikavipaka chumvi na limau, na jioni saa kumi na moja nikavikaanga mpaka vikakauka. Haikupita nusu saa, mimi, mume wangu na binti yetu mkubwa nyuso zikawaka moto, vichwa vikagonga, mwili ukawasha na mapigo ya moyo yakaenda mbio. Mtoto mdogo alikula kipande cha mkia, hakupata kitu. Tulipokwenda zahanati tuliambiwa tuna aleji ya samaki. Je, moto hauui bakteria? Na sasa tuache kabisa kula samaki?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na poleni sana. Kwa unavyoeleza, siamini kuwa hiyo ni aleji. Aleji humchagua mtu. Watu watatu mliokuwa mkila jodari miaka yote ni vigumu mno kuipata siku moja, kwenye sinia moja. Hii ina dalili zote za sumu ya histamini, kemikali ileile ambayo mwili huitoa mtu akipata aleji.

Jodari, vibua, nguru na dagaa wa baharini wana histidini nyingi, yaani kiungo kimoja cha asili cha protini, katika nyama yao. Samaki akiwa hai, nyama yake haina bakteria. Wamejaa kwenye mashavu, utumbo na ngozi. Akishakufa na akabaki kwenye joto, wanaingia kwenye nyama, au wanaingizwa na kisu kilichopasua utumbo wa samaki mwingine, na wanaanza kuigeuza histidini kuwa histamini. Kwa joto la Dar es Salaam, saa chache zinatosha.

Moto unaua bakteria, hapo hukukosea. Ila histamini waliyokwisha kuitengeneza haiharibiki kwa kukaanga, kuchemsha wala kugandisha. Hata kiwandani ikitiwa kwenye makopo, inabaki. Limau linaondoa shombo tu. Na pua haikukudanganya: histamini haina harufu, nyama inaweza kuonekana nzuri kabisa huku imeshavuka miligramu 200 kwa kilo, kiwango ambacho Codex, kanuni za kimataifa za chakula, hazitaki kivukwe. Tena haisambai sawasawa ndani ya samaki mmoja, kwa hiyo mtoto wako huenda alibahatika na kipande chake.

Siwezi kujua kosa lilitokea wapi, kwenye mtumbwi, mezani au jikoni kwako. Lakini nakuomba uhesabu: kutoka saa tano mpaka saa kumi na moja ni saa sita, na hujataja barafu hata mara moja. Hilo ndilo linaloniumiza ninapopita masokoni. Nimewahi kuchomeka kipimajoto kwenye pande la jodari lililokuwa juu ya meza safi ya vigae, limefunikwa na kunyunyiziwa maji ili ling'ae. Karibu na mfupa kilisoma nyuzi 26 za Selsiasi. Lilitakiwa lisizidi 4! Muuzaji alikuwa mtu msafi, anafukuza nzi kila dakika, ila maji aliyonyunyizia yalitoka kwenye ndoo ileile ya kusuuzia visu. Maji ya namna hiyo hayapozi samaki, yanamgawia bakteria wa wenzake, pamoja na wale wa kuharisha kama salmonela. Hao wa kuharisha, samaki akiiva hadi ndani, wanakufa. Histamini ndiyo isiyojali moto.

Kwa hiyo ukinunua jodari, nunua aliyefukiwa kwenye barafu, si aliyewekwa juu yake. Mguse: awe baridi mpaka vidole vikuume. Akiwa mzima, tazama mashavu mekundu na macho yaliyojaa, ingawa dalili hizo hazikuhakikishii kuwa hana histamini. Nenda na ndoo yenye mfuniko na chupa mbili za maji yaliyoganda. Safari ya daladala mpaka Mbagala ni ndefu. Ukifika, mpike au mweke kwenye friji hapohapo. Ukimla akakuchoma ulimini kama pilipili ambayo hukuitia, mteme na usimpe mtu.

Hali hii mara nyingi huisha ndani ya saa chache, na dawa za aleji husaidia, ndiyo maana ni rahisi kuchanganya. Mtu akibanwa kifua au akizimia, mkimbizeni hospitali. Rudini kwa daktari na mweleze kwamba mliugua watatu kwa mpigo, muulize kama neno “aleji” libaki kwenye daftari la binti. Akiliondoa, anza kumpikia changu au perege, maana hao hawana histidini nyingi kama jodari.