Kwa nini wanafuta magari tunayoyapenda: jibu la mtu aliyewahi kuyauza

Mkuu, umeuliza mambo mawili. Kwanza, kwa nini kampuni za magari zinafuta sedani, hachibeki (magari ambayo mlango wa buti hufunguka pamoja na kioo cha nyuma) na magari ya michezo, kisha zinatujazia SUV, yaani magari ya familia yaliyoinuka, zinazofanana kama vile hazisikii wapenzi wa magari wanasema nini. Pili, ni kampuni ipi imepanga safu yake ya magari vizuri kuliko wenzake. Nimeuza magari mapya kwa wakala wa kampuni moja kubwa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nitajibu kwa niliyoyaona nikiwa upande wa muuzaji, na nitasema pia pale ninapoamini kampuni zenyewe zimepotea njia.

Tuanze na ukweli unaouma. Kampuni haituuzii sisi, inamuuzia mnunuzi wa kwanza. Wengi wetu tunaobishana kuhusu injini na difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) mpaka usiku wa manane tunanunua gari likiwa limeshatembea miaka mitano, minane, hata kumi na tano. Biashara hiyo ni halali na ina akili, lakini kiwanda hakimo ndani yake. Kiwanda hulipwa mara moja tu, gari linapotoka likiwa jipya, na aliyelipa siku hiyo ndiye anayeamua ni gari gani litaendelea kutengenezwa. Sisi tunakuja baadaye kuchagua katika yale aliyoyapenda yeye.

Pale nilipokuwa nafanya kazi tuliwahi kuletewa hachibeki ya michezo yenye tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa ipate nguvu zaidi), gia za mkono na difu ya kujifunga. Hakuna gari lililovuta watu kama lile. Vijana walikuja kwa makundi, wakafungua boneti, wakapiga picha, wakaniuliza maswali ambayo hata kwenye mafunzo ya kazi hatukuyagusa. Nilifurahi kuongea nao maana hao ndio watu wangu. Lakini wengi waliniambia waziwazi kwamba watalisubiri lishuke bei likiwa mkononi mwa mtu mwingine. Sasa huyo mtu mwingine atoke wapi? Waliokuwa wanakaa chini kusaini mkataba ni baba na mama wenye mtoto wa kufunga kiti cha nyuma, au mzee anayesumbuliwa na magoti. Anafungua mlango wa SUV, kiti kiko usawa wa nyonga zake, anakaa bila kuinama wala kupanda. Anaona mbali. Anauliza buti, anauliza malipo ya kila mwezi, basi. Kwamba SUV ni nzito zaidi, inakula mafuta zaidi na inainama kwenye kona kuliko sedani yenye injini ileile, nilikuwa naeleza kwa uaminifu kila mara. Sikumbuki kama maelezo hayo yaliwahi kumgeuza mtu.

Wakubwa nao wameliona hilo. Norbert Reithofer, alipokuwa mkuu wa BMW, alisema mwaka 2010 kwamba kwa utafiti wao wengi wa wenye 1 Series, hachibeki yao, walidhani gari lao linaendeshwa na magurudumu ya mbele. Wakati ule 1 Series ilikuwa inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na ndicho kitu hasa tulichokuwa tunaisifia dhidi ya wapinzani wake. Yaani kampuni ilikuwa inagharamia uhandisi ambao mwenye gari hajui kama upo. Toleo la 2019 likaja linaendeshwa na magurudumu ya mbele, lina nafasi zaidi ndani, na wanunuzi wake wakaendelea na maisha yao. Sisi ndio tuliolia.

Halafu tazama Fiesta, hachibeki ndogo ya Ford, maana hapo ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Iliongoza mauzo Uingereza kuanzia 2009 mpaka 2020, na bado Ford iliisitisha Julai 2023. Gari linauza, mbona linauawa? Kwa sababu faida inayobaki kwenye hachibeki ndogo ni nyembamba mno. Vifaa vya kusafisha moshi, mifuko ya hewa, kamera na rada za usalama vinagharimu karibu sawa, uviweke kwenye gari dogo au kubwa, lakini mnunuzi wa gari dogo hakubali kulipa bei ya gari kubwa. Sasa Puma, nayo ya Ford, imejengwa juu ya msingi wa Fiesta hiyohiyo. Wameiinua, wakaipa umbo la SUV, wakaiuza kwa bei ya juu zaidi, na ikaongoza mauzo Uingereza mwaka 2023 na 2024. Mifupa ni ileile, mteja analipa zaidi na anaondoka ameridhika. Ukikaa kwenye kiti cha anayepanga safu ya magari, ni vigumu sana kuitetea Fiesta mbele ya hesabu kama hiyo.

Sheria nazo zina mkono mkubwa, na hili halisemwi vya kutosha. Marekani, viwango vya matumizi ya mafuta kwa magari yanayohesabiwa kuwa malori mepesi vimekuwa laini kuliko vya magari ya abiria, na SUV nyingi zinaangukia kwenye malori. Chrysler waliiunda PT Cruiser kwa namna ambayo ilihesabiwa lori, ingawa ukiitazama ni hachibeki iliyovutwa juu, kwa sababu iliwasaidia kurekebisha wastani wa matumizi ya mafuta wa malori yao. Ulaya nako waliweka lengo la wastani wa gramu 95 za hewa ukaa kwa kilomita, na kila gramu inayozidi lengo la kampuni ni faini ya yuro 95 kwa kila gari jipya lililosajiliwa. Ndiyo maana Suzuki Jimny, gari dogo tena lenye foleni ya wanunuzi, liliondolewa kule kama gari la abiria likarudi na viti viwili, limesajiliwa kama gari la mizigo. Toyota GR86 nayo iliuzwa Ulaya kuanzia 2022, ikasitishwa 2024, kwa sababu kanuni mpya za usalama zingelazimu gari libadilishwe sana kwa mauzo machache. Unaweza kumtukana mkurugenzi wa masoko utakavyo, lakini magari haya mawili hayakuondolewa na yeye.

Kwa hiyo mimi siungani na wanaosema SUV imeua magari ya michezo. Mara nyingi SUV ndiyo inayoyalisha. Porsche ilifika miaka ya mwanzo ya 1990 ikiwa taabani, mauzo yameporomoka, na watu wanazungumzia nani ataimeza. Boxster ya 1996, gari dogo la michezo, ikawapa pumzi. Cayenne, SUV yao ya kwanza, ilipokuja 2002 mashabiki walisema chapa imekufa. Nakumbuka hasira ile, na naielewa, maana kampuni ilijengwa juu ya magari mepesi yenye injini nyuma. Lakini fedha ya Cayenne, na baadaye Macan, ndiyo iliyoruhusu 911, gari lao la michezo maarufu, iendelee kutengenezwa kwa matoleo mengi kuliko wakati wowote uliopita, yakiwamo ya gia za mkono.

Toyota ni somo jingine. Akio Toyoda alichukua uongozi 2009, na yeye ni mtu anayekaa nyuma ya usukani kwenye mashindano, haishii kupongeza madereva tu. Lakini tazama jinsi mapenzi yake yalivyopita kwenye hesabu. Gari la 86 lilitengenezwa pamoja na Subaru. Supra, gari jingine la michezo lililorudi 2019, ilitengenezwa pamoja na BMW, ni ndugu wa Z4 yao. GR Yaris ya 2020 ilizaliwa kwa ajili ya rali, ikapewa injini yake ya silinda tatu yenye tabo, na uhandisi ule haukuishia hapo, ukahamia GR Corolla. Na nyuma ya yote hayo zipo Corolla, RAV4 na Hilux zinazoleta fedha kila siku bila kelele. Mazda, kampuni ndogo zaidi, ilifanya hivyohivyo na gari lake la michezo, MX-5: toleo la sasa lilizaliwa pamoja na Fiat 124 Spider, na zote mbili zilitoka kiwanda kimoja Hiroshima. Gari la michezo la bei ya kawaida linaishi pale ambapo kampuni mbili zinagawana gharama, au pale ambapo bosi mwenyewe anasimama mlangoni kulilinda. Likikosa vyote viwili, hesabu siku zake.

Sasa nije pale ninapogombana na kampuni kwa moyo wote: kufuta gari dogo la bei nafuu.

Alfred Sloan alipokuwa anaijenga General Motors miaka ya 1920, aliipanga kama ngazi. Kijana anaingia kwa Chevrolet, kipato kikikua anapanda Pontiac, kisha Oldsmobile, Buick, na mwisho Cadillac, zote chapa za General Motors, bila kutoka nje ya nyumba. Ngazi ile baadaye waliivuruga wenyewe kwa kuuza gari moja kwa nembo tofauti. Cadillac Cimarron ya miaka ya 1980 ilikuwa Chevrolet Cavalier iliyovalishwa ngozi, na wateja wa Cadillac waliiona hivyo. Oldsmobile ikafungwa 2004, Pontiac 2010. Lakini wazo la Sloan lilikuwa sahihi, na bado ni sahihi: mteja wa gari ghali hutengenezwa na gari rahisi.

Hili nililiona mwenyewe. Kampuni tuliyokuwa tunaiuzia ilifuta gari lake dogo kabisa, na sababu tulizopewa ni hizihizi nilizoeleza hapo juu kuhusu faida. Gari lililofuata kwa bei lilikuwa mbali mno. Mwalimu aliyeanza kazi, muuguzi kijana, mtu anayenunua gari jipya kwa mara ya kwanza maishani, alikuja, akaangalia bei, akashukuru, akaondoka. Alikwenda kwa mshindani ambaye bado alikuwa na gari lake. Ripoti ya mwaka ule ilikuwa nzuri, maana faida kwa kila gari ilipanda. Madhara yalikuja baadaye. Wale vijana walipopata watoto na kuhitaji SUV ile tuliyokuwa na uhakika watakuja kuitafuta kwetu, walikuwa wameshazoea fundi wa kule, vitufe vya kule, na muuzaji wa kule aliyewapigia simu kuwauliza gari linaendeleaje. Hakuna tangazo litakalomrudisha mtu wa namna hiyo. Niliyasema haya vikaoni, na jibu lilikuwa kwamba gari dogo halilipi. Halilipi mwaka huu, ndiyo. Nani alikuwa anahesabu mwaka wa kumi?

Na hoja kwamba gari rahisi haliwezekani tena siikubali, kwa sababu Dacia, kampuni ya Romania, wapo. Renault waliinunua 1999, wakaleta Logan 2004 kwa lengo la bei ya yuro 5,000. Walitumia vipande vya Renault ambavyo gharama zake za usanifu zilishalipwa, wakapunguza madoido, wakakataa kuingia kwenye mchezo wa kupandisha bei ili baadaye watoe punguzo. Watu waliicheka. Mwaka 2024 Sandero ya Dacia, hachibeki ya kawaida kabisa, ndiyo iliyokuwa gari lililouzwa zaidi Ulaya, mbele ya Golf ya Volkswagen na Clio ya Renault. Mnunuzi wa kwanza wa gari rahisi hakufa. Wengi walimwacha mlangoni.

Kidogo kuhusu majina, maana najua mtaniuliza. Mitsubishi kuchukua jina Eclipse lililokuwa la kupe (gari la michezo la milango miwili) na kuliweka kwenye SUV, au Ford kuweka Capri, jina la kupe yao ya zamani, kwenye gari la umeme lenye milango mitano, sioni linamsaidia nani. Mnunuzi wa kwanza hakumbuki gari la zamani, na anayekumbuka anakasirika. Lakini si jambo la kupotezea usingizi.

Swali lako la pili, sasa. Kwa upana wa safu nzima, Toyota: gari la kila mtu lipo, mahuluti (yenye injini na mota ya umeme pamoja) wameyashikilia tangu Prius ya 1997 hata walipobezwa, na gari la michezo halijasahaulika. Lakini ninayemheshimu zaidi ni Suzuki. Hawa walikubali kutokuwa kila mahali. Mwaka 2012 waliacha kuuza magari Marekani, soko ambalo kampuni nyingine zingejiua kulibakia, wakaweka nguvu kwenye magari madogo na kwenye India, ambako Maruti, kampuni ya huko waliyoingia nayo ubia, walianza na Maruti 800 tangu 1983. Hawana magari ya kujionyesha. Wana magari mepesi, yanayotengenezeka kirahisi, yenye kazi inayoeleweka, na katikati ya hayo wameibakiza Jimny yenye chesisi ya ngazi (fremu ya chuma iliyotengana na bodi) na ekseli ngumu mbele na nyuma, kitu ambacho karibu kila mtaalamu wa masoko angekifuta.

Januari 2025 walifungua oda za Jimny ya milango mitano Japani, wakipanga kuuza 1,200 kwa mwezi. Ndani ya siku chache oda zilifika kama 50,000, wakalazimika kusitisha kupokea nyingine. Hao ni wanunuzi wa kwanza, wameweka saini, kwa gari ambalo sisi tungelichagua.