Maswali ya wasomaji: Nimekabidhiwa mradi, nianzie wapi?

Barua tatu za safari hii zinahusu kazi ya umeneja wa miradi katika mashirika ya kimataifa.

Nimekuwa fundi wa maji kwa miaka sita. Sasa shirika moja la kimataifa limeniajiri kuwa meneja wa mradi wa miezi 18: visima vinne na vyoo vya shule pembezoni mwa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Nimepewa mkataba wa mfadhili, gari na wafanyakazi watano, ila hakuna aliyenieleza kazi yangu hasa ni ipi. – Msomaji, Isingiro

Anza na huo mkataba, tena usiusome kuanzia ukurasa wa kwanza. Fungua viambatisho: jedwali la matokeo, bajeti, ratiba ya ripoti. Humo ndimo yalimo utakayoulizwa. Kisha andika kwenye karatasi moja mambo manne: siku ya mwisho ya kutumia pesa, tarehe za ripoti, kiasi unachoweza kuhamisha kutoka kifungu kimoja kwenda kingine bila kuomba ruhusa (mara nyingi ni asilimia 10, ila wewe fuata mkataba wako unavyosema), na kiwango cha ununuzi kinachodai zabuni badala ya bei za wauzaji watatu. Ibandike ukutani.

Kuchimba si kazi yako tena. Mhasibu anashika pesa, ofisa ununuzi anashika zabuni, mhandisi anashika kisima. Wewe ndiwe pekee unayevitazama vyote pamoja na kalenda. Mafundi waliopandishwa cheo hujikwaa hapa hapa. Pampu wanaijua, basi wanashinda kwenye pampu, na mpango wa ununuzi unalala mezani miezi mitatu.

Chukua kisima kimoja, uhesabu kinyumenyume. Kusini magharibi mvua hunyesha Machi hadi Mei, kisha Septemba hadi Novemba. Lori la kuchimba likiingia njia ya udongo mwezi Oktoba, litakwama na mkandarasi atakudai siku za kukaa bure. Kwa hiyo unataka kuchimba kuanzia Juni. Isitoshe, maji yakipimwa wakati wa kiangazi ndipo utajua kama kisima kitawatosha watu mwaka mzima. Sasa rudi nyuma: wiki mbili za kusaini mkataba, mbili za kuchambua zabuni, nne za tangazo, tatu za kupima ardhi na kuchagua mahali. Jumla wiki 11. Maana yake karatasi ya kwanza itoke katikati ya Machi, wakati mvua inapiga na hakuna anayewaza kuchimba.

Ndani ya mkataba wa mkandarasi, sema waziwazi nani anabeba hasara kisima kikitoka kikavu. Ukimlipa kwa kila mita aliyochimba, hasara ni yako. Ukimlipa pale tu maji yanapopatikana, atapandisha bei ili ajikinge. Njia zote mbili zinafaa. Isiyofaa ni kunyamaza, kwa sababu ugomvi utakuja mita 80 zikiwa zimeshachimbwa.

Ardhi nayo: pata barua ya mwenye shamba, na mke au mume wake atie saini, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) akishuhudia, kabla mtambo haujafika. Kisima kikishatoa maji, thamani ya kile kiwanja hupanda, na ndugu ambao hukuwahi kuwaona watajitokeza.

Vibali havina ujanja. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2016 inadai ridhaa ya kamati ya wilaya inayosimamia mashirika hayo, na hati ya makubaliano na serikali ya wilaya, kabla ya kuanza kazi yoyote pale. Ukiingia ndani ya makazi, unahitaji pia kibali cha Ofisi ya Waziri Mkuu, inayosimamia mambo ya wakimbizi. Nako huko utaulizwa swali moja mapema: wenyeji wanapata nini? Utaratibu uliozoeleka Uganda ni kwamba karibu asilimia 30 ya msaada iwaendee wenyeji wanaoishi na wakimbizi. Visima vyote vinne vikiwa upande mmoja, utarudishwa kupanga upya.

Miezi sita kati ya 18 imepita. Bajeti ni dola 240,000, nimetumia 52,800. Makao makuu wanasema niko nyuma na wanataka maelezo. Niwaambie nini? – Dada wa Mbarara

Dada, usiwaambie "tutaongeza kasi". Wapelekee hesabu. Umetumia asilimia 22 huku theluthi ya muda imekwisha, kwa hiyo wana haki ya kuuliza. Lakini pesa iliyotumika si picha nzima. Tuseme umeshasaini mkataba wa dola 60,000 ambao haujalipwa. Hiyo ni pesa iliyofungwa. Ukiijumlisha unafika 112,800, yaani asilimia 47. Hapo hauko nyuma hata kidogo, ili mradi mkandarasi amalize.

Zimebaki 127,200. Toa mishahara ya miezi 12. Kama ni 5,200 kwa mwezi, ni 62,400. Kwa shughuli zilizobaki una 64,800 tu. Namba hii ya mwisho ndiyo ya kuangalia kila mwezi, maana mradi ukichelewa, mishahara haichelewi.

Kisha angalia bei ya dola. Bajeti ikiwa ilipangwa kwa shilingi 3,800 na benki leo inakupa 3,600, kila dola 10,000 unayobadilisha inapungua shilingi milioni mbili. Hilo liripoti mara unapoliona. Mfadhili aliyeambiwa mwezi wa saba wa mradi hukubali kubadilisha bajeti. Akiambiwa mwezi wa 16, hukumbusha tu kwamba tarehe ya mwisho iko palepale.

Mama aliyetupikia chakula cha mafunzo kijijini hana risiti ya EFRIS (mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi), na mhasibu amekataa kumlipa. Nani ana haki? – Msomaji, Kyegegwa

Mhasibu ana hofu ya haki, ila amekosea mahali. EFRIS inawabana walioandikishwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) na wengine waliotajwa na mamlaka ya kodi. Mama wa sufuria mbili hayumo. Tumia fomu ya malipo yenye jina lake, namba ya kitambulisho, simu, idadi ya sahani, bei ya sahani na saini yake, uambatanishe na orodha ya mahudhurio. Sahani 45 kwa watu 32 waliosaini ndicho kitu cha kwanza mkaguzi atakachokiona.

Mlipe kwa simu ili ushahidi ubaki, na uongeze ada ya kutoa pamoja na kodi ya asilimia 0.5 inayokatwa mtu anapotoa pesa. Usipoongeza, atapokea pungufu ya mlichokubaliana, na lawama ni yako.

Malipo yakizidi shilingi milioni moja, na shirika lenu likiwa limeteuliwa na URA (mamlaka ya kodi ya Uganda) kukata kodi ya zuio, yaani kodi ya muuzaji inayokatwa kabla hajalipwa, mnakata asilimia 6: katika milioni nne ni 240,000, mpishi anapata 3,760,000 na cheti chake, nanyi mnawasilisha kodi kabla ya tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Mwambieni hivyo siku mnapoagiza chakula, sio siku ya malipo. Na msigawe kazi moja katika ankara mbili za laki tisa. Sheria inaitazama kuwa kazi moja, na mkaguzi pia.