Chini ya wingu zito usiandike sifuri

Wadogo zangu mnaoanza kusoma data za laida ya setilaiti (chombo kinachotuma leza chini na kupima mwanga unaorudi), kosa hili lilinipotezea wiki mbili nzima hapa Dar. CALIPSO, setilaiti yenye laida iitwayo CALIOP, ilikuwa imepita karibu na pwani yetu wakati wa masika. Kwenye mchoro, wingu zito lilionekana juu, na chini yake mpaka baharini peupe. Nikalihesabu lile peupe kuwa hewa safi, nikaliingiza kwenye wastani wa erosoli (chembe ndogo zinazoelea hewani, kama vumbi, moshi na chumvi). Wastani ukashuka, nikafurahi.

Kumbe leza ilikuwa imeishia ndani ya wingu. Unene wa kimwanga, yaani kipimo cha jinsi wingu linavyozuia mwanga, ukifika 3 hadi 5 hivi, hakuna cha maana kinachorudi kutoka chini. Kwa hiyo kabla ya hesabu yoyote tafuta mwangwi wa uso wa bahari. Ukiuona, mwanga umefika. Usipouona, chini ya wingu jaza "hakuna data".

La pili ndilo linalowaponza wengi. Ufifiaji, yaani kiasi mwanga unachopungua ukipita kwenye tabaka, haupimwi na CALIOP, unakokotolewa. Kinachopimwa ni mwanga unaorudi, kisha programu inaamua tabaka ni la aina gani na kulipatia uwiano wa laida (ufifiaji ukigawanywa kwa mwanga unaorudi): kama steradiani 23 kwa chumvi ya bahari, 44 kwa vumbi, 70 kwa moshi. Sasa fikiria Agosti: kusi inaleta hewa ya bahari, huku bara mashamba yanachomwa. Tabaka jembamba la moshi likiitwa chumvi, ufifiaji wake unatoka kama theluthi moja tu ya ule halisi. Soma aina kwanza, namba baadaye, na angalia upepo wa siku hiyo.

Vumbi na chembe za barafu hujulikana kwa kugeuza upolari wa mwanga, yaani mwelekeo ambao mawimbi yake yanatikisika. Lakini wingu zito la matone nalo huugeuza, kwa sababu mwanga unagonga matone mengi kabla ya kurudi, basi msikimbilie kuliita barafu.

Anzeni na data za usiku. CALIPSO ilikuwa ikivuka ikweta karibu saa saba na nusu, mchana na usiku, na mchana mwanga wa jua hufunika tabaka hafifu.

Kazi yake ilikoma 2023. Laida ya setilaiti ya EarthCARE, iliyorushwa Mei 2024, inapima ufifiaji na mwanga unaorudi kila kimoja peke yake, katika urefu wa wimbi wa nanomita 355. Mkipata data zake za pwani yetu, chorani uwiano wenyewe kwanza, muone kama unakaribia 23 au 70.