Jibu: Tapestri za Dovecot, nitajuaje imefumwa kwa mkono?

Habari ndugu. Umeuliza utaitofautishaje tapestri (kitambaa cha ukutani chenye picha iliyofumwa) ya mkono na ya mashine ukifika Dovecot, karakana ya ufumaji huko Edinburgh, Uskoti.

Anzia kwenye roshani. Chini yake, palipokuwa bwawa la kuogelea, ndipo mafundi wanapofuma. Hakikisha saa za kuwatazama kabla hujaondoka.

Kwenye ukumbi, simama ubavuni mwa kazi, usisimame mbele. Utaona matuta membamba: ni nyuzi za mtande (zinazotandazwa kwanza kwenye kitanda cha kufumia) zilizofunikwa kabisa na mshindio (uzi wa rangi unaopitishwa katikati yake). Mara nyingi yamelala, maana picha hufumwa kwa ubavu, kisha hugeuzwa inapotundikwa. Rangi mbili zikikutana sambamba na mtande, tafuta mwanya mdogo, wazi au umeshonwa. Hiyo ndiyo alama ninayoiamini zaidi. Kwa mkono, kila rangi huishia kwenye umbo lake. Kwa mashine, uzi huvuka upana wote. Usiguse, sufu hushika mafuta ya vidole.