Udongo mweusi unaopasuka: nyumba, karo na bustani vikae wapi?

Swali: Nimepata kiwanja chenye udongo mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka kiganja kinazama kwenye ufa, na mvua zikianza unanata hadi viatu vinabaki nyuma. Fundi anasema tuchimbe msingi wa kawaida, karo (tangi la maji machafu ya choo) na shimo la kunyonya, yaani linalopeleka maji ya karo udongoni, tuviweke nyuma ya jiko, na bustani ya mboga ikae juu yake ipate rutuba. Je, ni sawa?

Jibu: Kwa mpangilio huo, ndugu msomaji, hapana. Kiwanja chako kinajengeka, ila kwenye udongo wa aina hiyo msingi, karo na bustani vikisogeleana vitaharibiana.

Huo ni udongo wa mfinyanzi unaovimba. Chembe zake ni ndogo mno na zimepangana kama kurasa: maji yakiingia kati yake zinaachana, yakitoka zinabanana. Kinachoiumiza nyumba zaidi ni kuvimba kusikolingana. Kona moja ikilowa na nyingine ikabaki kavu, ile iliyolowa huinuka, na ukuta wa matofali hauwezi kuifuata bila kupasuka. Utaona ufa wa mshazari ukianzia kona ya dirisha, na mlango unaokwama kipindi cha mvua kisha kiangazi unafunguka bila seremala kuugusa.

Sasa weka shimo la kunyonya hapo nyuma ya jiko. Upande huo utalowa mwaka mzima, wa mbele utakauka kila kiangazi. Bustani inayomwagiliwa kila jioni chini ya dirisha inafanya kazi hiyo hiyo. Mti mkubwa karibu na ukuta unafanya kinyume: mizizi inanyonya maji na udongo unasinyaa. Kwa hiyo amua kwanza maji yote ya kiwanja yaende wapi, ndipo mchore nyumba.

Kabla ya hapo, chimbeni. Chimbeni sehemu zaidi ya moja, kwa sababu kiwanja kimoja kinaweza kuwa na mfinyanzi huku na kichanga kule. Mboga zinategemea zaidi sentimita 30 za juu, msingi unahusu mita moja na zaidi, maji machafu yanakwenda chini kuliko hapo. Angalia ukuta wa shimo: rangi ya kijivu yenye madoa ya kutu inaonyesha kwamba maji ya ardhini hupanda hadi pale kwa msimu, hata kama leo pakavu.

Kisha jaribu unyonyaji pale unapokusudia kuweka mfumo wa maji machafu. Chimba kitundu hadi kina ambacho maji machafu yataingilia udongoni, kijaze maji, kiache usiku kucha, kesho yake ujaze tena na upime yanavyoshuka. Usiruke ule usiku wa kulowesha. Kiangazi maji hupotelea kwenye nyufa na utadhani udongo wako unanyonya vizuri sana. Ukishavimba, nyufa zinafunga na maji yanasimama. Kipimo kinachotumika sana ni hiki: yakichukua zaidi ya dakika 60 kushuka sentimita 2.5, shimo la kawaida la kunyonya halifai hapo. Yakishuka haraka kupita kiasi, kama kwenye mchanga mtupu, hilo nalo ni hatari, maana uchafu unafika kwenye maji ya ardhini kabla haujachujwa.

Naona uwezekano mkubwa kwamba jaribio litakukatalia. Hapo mnaweza kuinua kitanda cha mchanga juu ya ardhi ili maji yachujwe humo, au kujenga karo lisilovuja na kulinyonya kwa gari. Jaribio likikukubalia, shimo la kunyonya likae upande wa chini wa mteremko, mita 30 au zaidi kutoka kisimani, na kitako chake kiwe walau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini. Sheria za eneo lako zikidai zaidi, fuata hizo.

Kuhusu msingi, usikubali wa kawaida. Peleka sampuli maabara ya udongo, mhandisi aamue kama mtauondoa mfinyanzi na kushindilia moramu (udongo wa changarawe) tabaka kwa tabaka, au mtamwaga jamvi, yaani bamba nene la zege lenye nondo, chini ya nyumba nzima. Gharama ya vipimo ni ndogo ukilinganisha na kuuchimbua msingi nyumba ikiwa imesimama. Weka gata (mifereji ya maji ya paa), na zungushia nyumba ukanda wa zege unaoteremka kutoka ukutani.

Juu ya eneo la kunyonya panda nyasi tu. Mboga zinazoliwa mbichi na za mizizi zisikae hapo, kwa sababu ya vimelea. Bustani iende mbali na kuta, kwenye matuta yaliyoinuliwa, na uchanganye mboji na samadi kila msimu. Usimwage mchanga ukidhani utaulainisha: kiasi kidogo kwenye mfinyanzi hugeuka kitu kigumu kama tofali. Lima udongo ukiwa na unyevu wa kadiri. Ukiugusa ukiwa tope utakauka mabonge usiyoweza kuyavunja kwa jembe.