Barua kwa Mama wa Ziwani: Nyumba ya ukingoni

Barua za mwezi huu zimetoka Dodoma, Musoma na hapa hapa Mwanza. Zote zinahusu kuishi jirani na Ziwa Viktoria. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika ana haraka na ana watoto wadogo.

*Shikamoo Mama. Mume wangu amehamishiwa Mwanza kikazi, nasi tunamfuata Januari. Tumepata nyumba ya kupanga Capri Point, ya zamani, ina baraza pana na bustani inayoshuka mpaka majini. Mume wangu ameipenda mno. Siku ya kuiona nilishinda pale kutwa nzima, nikasikia kunguru, upepo na mtu anafagia nyumba ya tatu, basi. Mimi nimezaliwa Kondoa, sijui kuogelea, na nina watoto wa miaka tisa na mitano. Dalali anasema ni mtaa wa watu waliotulia. Mimi niliona kama mtaa usio na watu. Nitaishije? Na viboko je? Na kichocho?*
*Mama wa wawili, Dodoma*

Marahaba, mwanangu. Nilihamia Capri Point mwaka 1991 nikitokea Tabora, mtoto mgongoni, na sijui kuogelea mpaka leo. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa nawasha redio tangu alfajiri ili nyumba isininyamazie. Kwa hiyo hofu yako naifahamu vizuri.

Kabla ya kiboko na kichocho, kuna swali ambalo dalali hatakujibu, na mwenye nyumba huenda asilijue: mwaka 2020 maji yalifika wapi? Usisaini mkataba kabla hujaonyeshwa kwa kidole.

Nakwambia hivyo kwa sababu ziwa letu halikai mahali pamoja. Nilipohamia, nyumba ya jirani ilikuwa na mlinzi, mzee wa Kisukuma aliyekulia pale pale ukingoni. Aliponiona napima mahali pa kujenga banda la kuku chini ya bustani, alikuja akanionyesha mstari mweupe kwenye jiwe kubwa, juu ya kiuno changu. Akasema, "Mama, maji yalifika hapa mimi nikiwa kijana." Alikuwa anazungumzia mafuriko ya miaka ya sitini, ziwa lilipopanda karibu mita mbili na nusu kati ya 1961 na 1964. Kwa kweli sikumwamini. Maji yalikuwa mbali, huko chini. Lakini nilikuwa mgeni na yeye alikuwa mtu mzima, basi banda nikalijenga juu, karibu na jiko.

Mwaka 2006 ziwa likapungua kuliko wengi wetu tulivyowahi kuona. Ardhi mpya ikajitokeza, nyeusi, yenye rutuba. Watu wakapanda mchicha na matembele, wengine wakasogeza kuta zao mbele. Jirani mmoja mgeni alijenga kibanda kizuri cha kupumzikia, sakafu ya vigae. Kisha zikaja mvua za mwishoni mwa 2019 ambazo hazikukatika, na Mei 2020 kipimo cha Jinja, kule Uganda Naili inakotokea, kikasoma mita 13.42, sentimita moja juu ya rekodi ya 1964. Kwangu kuna ngazi saba za mawe za kushukia majini. Mwezi ule nilikuwa naona tatu. Kibanda cha jirani kilibaki paa tu, na ukuta wake ulianguka usiku kwa kishindo kilichotuamsha wote. Maji yalisimama kwenye ule mstari wa jiwe, pale pale alipogusa mzee. Yeye alikuwa ameshafariki. Nilisimama pale nikamlilia.

Kwa hiyo fika tena, ukaulize. Usimuulize dalali. Muulize mtunza bustani wa nyumba ya pili, muulize mama anayeuza ndizi njia panda, muulize mlinzi mwenye mvi. Uliza pia shimo la choo liko wapi, maana maji yakipanda, shimo lililo chini ya bustani hujaa kabla ya sebule kulowa.

Sasa watoto. Wekeni uzio kati ya bustani na maji, wa wavu tu unatosha, na komeo liwe juu, asipolifikia wa miaka mitano. Mwambieni mwenye nyumba kabla hamjahamia. Mkishaingia atawaambia subirini. Yule wa miaka tisa afundishwe kuogelea kwenye bwawa la kuogelea, si ziwani.

Kichocho nitakieleza kama nilivyokuwa nawaeleza wagonjwa, maana nimekuwa muuguzi kwa miaka 32. Huku kwetu kilichoenea ni kile cha tumbo. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wanaokaa maji ya kina kifupi, hasa penye majani na matete. Hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha, kwa dakika chache, na mtoto haoni kitu. Hata kuchovya miguu ni kuingia majini. Dalili huja baadaye: tumbo kuuma, kuhara, damu kwenye choo kikubwa, na kikikaa miaka bila tiba huharibu ini. Mtoto akiponyoka akaingia ziwani, usimchape, hesabu miezi miwili kisha mpeleke akapimwe choo. Dawa ipo, prazikwanteli, hutolewa kwa uzito wa mwili na inaponya. Haizuii kuambukizwa tena, kwa hiyo akitibiwa leo akarudi majini kesho, mmeanza upya. Maji ya bomba hayana shida hiyo.

Kiboko hutoka usiku kula nyasi. Miaka yote hii mimi nimeona nyayo zake mara mbili, yeye mwenyewe mara moja. Sharti lake moja: usisimame kati yake na maji. Saa moja ya jioni watoto wawe ndani ya uzio, na wewe usishuke ukingoni gizani kumwita paka.

Sasa tuje kwenye huo ukimya wako. Mwanangu, ulikwenda mchana. Mchana watu wako kazini na upepo unatoka ziwani kuja nchi kavu, unachukua kila sauti unaipeleka mjini. Kaa pale siku nzima na usiku wake. Alfajiri utasikia injini za wavuvi wa dagaa wanarudi, baadhi wanaelekea soko la samaki la Mwaloni Kirumba. Jua likitoka, pimbi wanapanda mawe kuota, na mjusi wa kichwa chekundu anatikisa kichwa juu ya jiwe lake. Huyo wataalamu wamempa jina la kisayansi *Agama mwanzae*, kwa ajili ya mji wetu. Furukombe analia juu ya mti, sauti yake utaijua siku ya kwanza. Jioni mawe yanaanza kutoa joto yalilolimeza mchana, kuta zinabaki na uvuguvugu mpaka usiku. Kuna usiku honi ya meli ya Bukoba itakutikisia madirisha. Na usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, simama barazani: taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani kama mji mwingine upo ng'ambo. Zamani zilikuwa karabai, mwanga wake wa manjano. Sasa nyingi ni za sola, nyeupe. Mimi nilizipenda zaidi zile za karabai.

Na watu wapo. Wako nyuma ya mageti, wamekaa hapo miaka ishirini, thelathini, na hawakufuati mlangoni. Ni wewe uliyehamia, kwa hiyo wewe ndiye wa kubisha hodi. Wiki ya kwanza nenda na watoto nyumba nne za karibu, mjitambulishe, dakika tano zinatosha. Nenda ofisi ya serikali ya mtaa mkaandikwe. Jifunze *mwangaluka* ya asubuhi na *mwadila* ya mchana, uwape walinzi na watunza bustani kabla ya mtu yeyote, maana hao ndio wanaojua mtaa. Ukisikia msiba, peleka mchango wako hata kama marehemu hukumjua sura.

Mume wangu alipofariki mwaka 2014, kabla ya saa mbili asubuhi uani kwangu kulikuwa na turubai, sufuria tatu kubwa na wanawake saba wanamenya viazi. Wanne kati yao nilikuwa sijawahi kukaa nao kitako, tulikuwa tunasalimiana tu getini, miaka na miaka. Walijua chumvi iko kabati lipi kabla sijawaambia.

Jumapili ya kwanza msipange vyombo. Wachukue watoto, shukeni kwenye ofisi ya Hifadhi ya Saanane iliyopo hapo hapo Capri Point, mvae majaketi ya kuokolea maisha, mvuke kwa boti. Ni dakika chache. Kisiwa ni kidogo, kilikuwa bustani ya wanyama tangu 1964 kabla ya kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, na kuna swala wanatembea karibu nawe. Lakini nakupeleka kwa sababu nyingine: ukiwa juu ya mawe yake, geuka uitazame nyumba yako kutokea majini. Mimi ndipo nilipoacha kuiogopa.

*Mama, nakaa Musoma karibu na ufukwe. Kuna siku wingu kama moshi linatoka ziwani, asubuhi baraza imejaa vijidudu vilivyokufa, na kuta zangu nilizopaka rangi nyeupe zimejaa utando wa buibui. Nimemaliza makopo ya dawa. Nifanye nini?*
*Msomaji, Musoma*

Acha kununua dawa. Vijidudu hivyo haviumi. Vimekulia kwenye tope la chini ya ziwa, vinapaa kwa makundi, vinaishi muda mfupi sana, na mbayuwayu na samaki wanavingojea. Ukiua elfu kumi, nyuma yake ziwa zima. Vinachofuata ni taa: siku ukiliona wingu, zima taa za nje, funga madirisha ya upande wa ziwa kabla ya jua kuzama, hasa kama kuna mwenye pumu ndani. Fagia asubuhi vikiwa vikavu, ukivimwagia maji vinanuka na kuganda. Buibui wa nje waache, wanakula vile vile vinavyokusumbua. Na ukuta wa upande wa ziwa, ukifika wakati wa kupaka tena, usipake nyeupe. Wangu ni rangi ya udongo.

*Dada yangu, salaam. Nina miaka 78, nakaa peke yangu katika nyumba ya ukingoni niliyoinunua mwaka 1987. Wanangu, wawili wako Dar es Salaam na mmoja Kanada, wanataka niuze. Amepatikana mtu anataka kujenga hoteli, ametaja bei kubwa. Wanasema nikikataa nitakuwa nawanyima. Mimi bado napika, natembea, naswali msikitini kwa miguu. Je, nina ubinafsi?*
*Mzee wa Mwanza*

Hapana, kaka yangu. Nyumba ni yako, hati ina jina lako, na mtu mwenye akili zake timamu haulizwi kwa nini anataka kulala kitandani kwake.

Lakini usiwajibu watoto kwa hasira, maana nadhani wanachokiogopa si pesa. Wanaogopa kupigiwa simu kwamba baba ameanguka bafuni tangu jana na hakuna aliyejua. Waondolee hofu hiyo kwa vitendo. Funga vyuma vya kushikia bafuni. Lile banda la uani, kama unalo, lipangishe kwa bei nafuu kwa mume na mke vijana, kwa sharti kwamba kila asubuhi mmoja wao anakuja kukusalimia. Kisha mwite yule wa Dar aje aone kwa macho.

Kuhusu mnunuzi, usisaini chochote, hata karatasi anayoiita ya makubaliano ya awali. Kiwanja cha makazi hakigeuki hoteli kwa sababu mtu ana fedha: kubadilisha matumizi ya ardhi kunahitaji kibali cha mamlaka ya upangaji. Na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Muulize amepanga kujenga wapi hasa. Bei iliyotajwa kwa kibali ambacho hakipo inaweza kushuka ukishaondoka. Muone wakili wako mwenyewe, si yule anayekuja na mnunuzi.

Nami nitasema la moyoni. Mtaa wetu umepoteza nyumba nyingi kwa njia hiyo. Muziki unavuka maji, hakuna ukuta ziwani wa kuuzuia, na wavuvi wanakatazwa kupita ukingoni walipopita babu zao. Sitaki na yako iende.

Mpangaji akishahamia, siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajafungua mabegi, mshike mkono mshuke naye bustanini umwonyeshe maji yalifika wapi.